Nani Atanunua Dubwana?

Mwaka 2004 kiwanda cha Triumph kilichoko Hinckley, Uingereza, kilianza kuuza pikipiki yenye injini ya cc 2,294. Kwa aliyezoea bodaboda ya cc 100 au 150, tuweke hivi: Toyota Vitz, ile inayozagaa mitaani kwetu, inakuja na cc 1,000 au 1,300. Yaani hawa jamaa walichukua injini inayoizidi ya Vitz kwa mbali, wakaifunga katikati ya magurudumu mawili, wakaweka kiti juu yake, wakasema haya, panda. Silinda tatu, kila pistoni ikiwa na kipenyo cha milimita 101.6. Nguvu farasi 140. Uzito wa kilo 320 kabla hujatia hata tone la petroli. Tairi la nyuma lina upana wa milimita 240, sawa na la gari la maana kabisa.

Ikaitwa Rocket III. Ukiwaweka kando Boss Hoss wa Tennessee, ambao tangu 1990 wanafunga injini za V8 za Chevrolet kwenye pikipiki (na hao ni hadithi yao peke yao), hakuna kampuni kubwa ya pikipiki iliyokuwa imewahi kuleta sokoni injini ya ukubwa huo. Waandishi wa magazeti ya pikipiki waliijaribu, wakacheka kwa furaha, kisha wakauliza swali ambalo halijaisha hadi leo: hii kitu atainunua nani?

Kwanza tuelewane kuhusu aina yenyewe. Rocket III ni kruza. Kruza ni pikipiki ya kukaa chini, miguu imenyooshwa mbele, mikono imetanuka kwenye usukani mpana, kama mtu aliyekalia kiti cha baraza. Haikutengenezwa kwa ajili ya kukata kona wala kupenya foleni. Imetengenezwa kwa barabara ndefu iliyonyooka, na barabara hizo ni za Marekani. Ndiyo maana soko la kruza nzito ni Marekani kwanza, na ndani ya Marekani ni Harley-Davidson kwanza, wengine wote wanagombea makombo. Mwaka 2006 Harley walitoa kiwandani pikipiki takriban 349,000. Kampuni yoyote iliyoona hesabu hiyo ilitamani sahani yake.

Triumph walitamani pia, na walikuwa na sababu zao. Triumph hii si ileile iliyomfanya Steve McQueen aonekane mwanaume wa shoka. Ile ya zamani, ya kiwanda cha Meriden, ilikufa mwaka 1983. Jina likanunuliwa na John Bloor, tajiri wa kujenga nyumba aliyeanza maisha kama fundi wa kupiga plasta. Bloor alikaa kimya kwa miaka, akajenga kiwanda kipya Hinckley, na pikipiki zake za kwanza zikaonyeshwa Cologne mwaka 1990. Machi 2002 moto ukateketeza sehemu kubwa ya kiwanda. Wengine wangekunja jamvi. Wao wakajenga upya, na miaka miwili baadaye wakatoa dubwana.

Mradi wenyewe ulianza 1998 kwa wazo la injini ya cc 1,600. Lakini kadiri walivyochora, Wajapani walizidi kupandisha dau: Honda wakatoa VTX ya cc 1,800, na Kawasaki wakawa njiani na Vulcan iliyopita cc 2,000. Triumph wakaamua kumaliza ubishi kwa namba ambayo hakuna angeifuata. Na kweli, kwa miaka mingi hakuna aliyeifuata.

Naomba nikae kidogo kwenye injini hiyo, maana humo ndimo mna hoja yangu. Harley ni silinda mbili zilizopandana kwa umbo la V, na karibu kila aliyetaka kuuza kruza Marekani aliiga umbo hilo, hadi mlio. Triumph hawakuiga. Walichukua silinda tatu zilizopangwa mstari mmoja, jambo ambalo lilikuwa lao tangu 1968, pale kundi la BSA lililokuwa likiimiliki Triumph lilipotoa pikipiki mbili ndugu: Triumph Trident na BSA Rocket 3. Jina la dubwana limetoka huko. Wakailaza injini kwa urefu wa pikipiki, wakapeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya cheni. Msokoto wake wa Nm 200 unapatikana injini ikiwa inazunguka mara 2,500 tu kwa dakika. Maana yake ni kwamba unaweza kuwa kwenye gia ya juu, unatembea taratibu, ukazungusha mkono kidogo na jitu zima likaruka mbele bila kubadilisha gia.

Sasa twende kwa waliofanya vizuri zaidi kiufundi na bado wakaondoka sokoni. Honda, kwa mfano. Mwaka 1996 walichukua injini ya silinda sita ya Gold Wing, cc 1,520, wakaivua makoti yote na kutengeneza Valkyrie, iliyoundwa kwenye kiwanda chao cha Marysville, Ohio. Kabureta sita! Ilikuwa laini kama maji mtungini, na waliokuwa nayo waliipenda kwa mapenzi ya kweli. Ikaondolewa mwaka 2003. Wakajaribu tena na Rune, tena mwaka 2014 na Valkyrie mpya ya cc 1,832, nayo ikatoweka baada ya muda mfupi. Honda hawakuumia. Kampuni inayouza mamilioni ya pikipiki ndogo duniani inaweza kupotezewa na Valkyrie bila hata kukosa usingizi.

Kisa kinachouma ni cha Victory.

Polaris ni kampuni ya Minnesota iliyojijengea jina kwa magari ya kutelezea kwenye theluji. Mwaka 1998 walianza kutengeneza kruza huko Spirit Lake, Iowa, na pikipiki ya kwanza, V92C, ikatoka tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani. Hawakuchagua tarehe hiyo kwa bahati. Walitaka kusema: sisi pia ni Wamarekani, hatuna deni kwa Milwaukee. Wakamleta Arlen Ness, gwiji wa kupamba pikipiki, awasaidie na michoro. Injini zao zilisifiwa kwa nguvu na kwa kutosumbua mafundi. Mwendeshaji wa Victory alikuwa na hoja nzuri kila alipokutana na mwenye Harley: yangu ina nguvu zaidi, breki zake bora zaidi, bei nafuu zaidi.

Na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Ukiona mtu anajitetea kwa hoja, jua ameshashindwa kwa moyo. Mwenye Harley hakuwa na haja ya hoja. Alikuwa na baba aliyeendesha Harley, kaka aliyerudi vitani akanunua Harley, sinema alizotazama utotoni, na duka la Harley kila mji, ambako hata fulana zinauzwa. Mcheza kwao hutunzwa. Victory walikuwa na umri wa miaka michache tu, na katika biashara hii miaka ni bidhaa.

Polaris wenyewe walilielewa hilo, maana mwaka 2011 walinunua jina la Indian. Indian ilianzishwa mwaka 1901 huko Springfield, Massachusetts, miaka miwili kabla ya Harley, ikafa mwaka 1953, ikafufuliwa na kufa tena mikononi mwa watu mbalimbali. Polaris wakalichukua jina hilo, wakaweka injini mpya, wakazindua Chief huko Sturgis mwaka 2013. Watu wakanunua. Tanki lenye maandishi ya kale na tope za matairi zilizojikunja kama sketi ya bibi vilifanya ndani ya miaka michache kazi ambayo Victory hawakuiweza kwa miaka kumi na mitano. Basi tarehe 9 Januari 2017 Polaris wakatangaza kwamba Victory inafungwa. Kwa maelezo yao, ilikuwa imepata hasara katika miaka mitatu kati ya mitano iliyopita. Baba aliyezaa mtoto akamlea, kisha akaasili mtoto wa ukoo mkubwa, akaona chakula hakitoshi.

Walioumia ni wawili. Mwenye duka aliyekopa fedha kujenga jengo la kuuzia Victory, na mnunuzi aliyelipa dola zake elfu kumi na kadhaa mwezi mmoja kabla ya tangazo. Pikipiki ya kampuni iliyofungwa haifi siku hiyo. Inaanza tu kushuka bei, na mwenyewe anaanza kuhesabu spea.

Kwa nini basi Rocket bado ipo? Wengine husema ni kwa sababu ya ukubwa wa injini, kwamba namba peke yake inauza. Sikubaliani. Kawasaki walikuwa na namba, wakaacha. Mimi naona mambo mawili. La kwanza, Rocket haikujifanya Harley ya bei nafuu. Anayeinunua hajilinganishi na jirani, kwa sababu jirani hana kitu cha kulinganishwa nacho. La pili ni la kihesabu zaidi: Rocket haijawahi kulipa kodi ya nyumba. Triumph wanakula kwa Bonneville, kwa Street Triple, kwa Tiger. Dubwana linakaa sebuleni kama mjomba mwenye visa vingi, kila mgeni anataka kumwona, lakini hakuna anayemtegemea alete unga.

Ndiyo maana walithubutu kulitengeneza upya. Sheria za moshi za Ulaya zilipokaza, ile ya kwanza ikastaafu, na mwaka 2019 ikaja Rocket 3 mpya: cc 2,458, nguvu farasi 165, Nm 221, na uzito uliopungua kwa zaidi ya kilo 40. Miaka mitano baadaye wakaongeza tena, toleo la Storm likafika Nm 225. Bei yake Marekani inazidi dola 20,000. Tazama hata walivyobadilisha umbo. Si kruza ya kulala tena, inakata kona. Walimfuata mnunuzi ambaye hana hamu ya kuwa ng'ombe wa sinema za Texas.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa huku moja kwa moja. Tangu 2020 Triumph wana ubia na Bajaj wa India, na mwaka 2023 ubia huo ukazaa Speed 400, pikipiki ya silinda moja, cc 398, inayoundwa kwenye kiwanda cha Bajaj huko Chakan. Bajaj hawa ni walewale wa Boxer, anayoijua kila dereva wa bodaboda kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam. Mauzo ya Triumph yakapanda sana, na sehemu kubwa ya ongezeko ikatokana na hizo ndogo. Kwa hiyo ukitaka kujua nani analisha dubwana la Hinckley, usimtafute tajiri wa Florida peke yake. Kijana wa Pune anayenunua pikipiki yake ya kwanza naye yumo.

Upande wa Marekani sioni faraja kama hiyo. Baraza la sekta ya pikipiki la huko lilikuta mwaka 1990 umri wa katikati wa mwenye pikipiki ni miaka 32. Kufikia 2018 ulikuwa 50. Ni kizazi kilekile kinachozeeka juu ya viti vilevile, na goti la mzee halipendi kilo 350 zinapoinamia upande mmoja kwenye kokoto. Harley, waliotoa pikipiki 349,000 mwaka 2006, mwaka 2024 hawakufika 150,000. Hata BMW, walioacha kruza yao ya kwanza mwaka 2004 ingawa James Bond alishaipanda, walirudi mwaka 2020 na R 18 ya cc 1,802 iliyovishwa sura ya R5 ya mwaka 1936. Wanatafuta babu, kama Polaris walivyotafuta. Lakini babu anamvutia anayemkumbuka, na kijana wa miaka 25 hamkumbuki.

Oktoba 2025 Polaris wakatangaza kwamba wanauza sehemu kubwa ya hisa za Indian kwa kampuni ya uwekezaji ya Carolwood. Mtoto wa ukoo mkubwa, aliyepewa sahani ya Victory, naye akaonyeshwa mlango. Ile nyumba ya Minnesota imeona ni heri kubaki na magari ya theluji na ya porini.

Wenye Victory wameisoma habari hiyo kwa jicho lao. Mwaka 2017 waliahidiwa spea kwa miaka kumi. Miaka hiyo inaisha Januari 2027, na wapo mabingwa wa gereji wanaonunua Victory zilizogongwa, si kwa kuendesha, bali kwa kuzichinja na kuziweka rafuni.