Oriel: Chuo cha Oxford kilichoandika wafadhili wake kwenye mawe

Mtu anayesimama mbele ya kanisa la Mtakatifu Maria katika barabara ya High Street, mjini Oxford, na kuinua macho ng'ambo ya pili, huona jengo refu la mawe lenye sanamu kadhaa ukutani. Wafalme wawili wa Uingereza, Edward wa Saba na George wa Tano, wamewekwa humo. Lakini aliye juu yao, peke yake, si mfalme. Ni Cecil Rhodes, mfanyabiashara wa almasi ambaye jina lake lilibebwa na nchi mbili za Afrika mpaka zilipojitawala: Zambia mwaka 1964 na Zimbabwe mwaka 1980.

Jengo hilo ni mali ya chuo cha Oriel, ambacho Januari 2026 kilitimiza miaka 700. Kwa wengi barani Afrika jina la Oriel limesikika kwa sababu ya sanamu hiyo tu. Hata hivyo, mgogoro wake hauwezi kueleweka vyema bila kupita kwanza katika nyua za zamani zilizo nyuma yake, kwani Rhodes hakuwa wa kwanza kutaka jina lake lisomwe katika kuta za mahali hapo.

Nyumba iliyokuwa na dirisha

Chuo Kikuu cha Oxford hakina lango moja wala uwanja mmoja. Kimeundwa na vyuo zaidi ya thelathini, kila kimoja kikiwa na ardhi yake, fedha zake, ukumbi wake wa chakula na baraza lake la uongozi. Mwanafunzi huwa wa chuo chake na wa chuo kikuu kwa wakati mmoja. Uhuru huo si wa jina tu. Chuo kikuu hakiwezi kukiamuru chuo kibomoe ukuta wake, jambo ambalo waandamanaji wa karne hii walilitambua walipotafuta mlango wa kubisha.

Oriel huhesabiwa kuwa cha tano kwa ukongwe miongoni mwa vyuo hivyo. Mwanzilishi wake halisi alikuwa Adam de Brome, padri wa kanisa la Mtakatifu Maria na msimamizi wa sadaka za Mfalme Edward wa Pili. De Brome alipata kibali mwaka 1324, kisha mnamo Januari 1326 akaurejesha mradi wake kwa mfalme ili uanzishwe upya kwa jina la mfalme mwenyewe. Ulikuwa ujanja wa mtu aliyeijua ikulu, kwani chuo cha padri kingeweza kunyang'anywa mashamba yake, lakini chuo cha mfalme kingekuwa na mlinzi.

Mlinzi huyo hakudumu. Januari 1327 Edward alivuliwa ufalme, na mwaka huohuo akafa akiwa mfungwa katika ngome ya Berkeley. Chuo kilisalimika kwa sababu mwanawe, Edward wa Tatu, alikubali kukiendeleza. Mwaka 1328 alikipa hospitali ya wakoma ya Mtakatifu Bartholomayo, nje ya mji, mahali ambapo wanachama wa chuo walikuja kukimbilia tauni ilipozuka mjini.

Mwaka 1329 chuo kilipata nyumba kubwa iliyoitwa La Oriole. Neno hilo linahusishwa na dirisha la ghorofani lililochomoza nje ya ukuta, mfano wa roshani iliyofunikwa, ambalo katika Kiingereza bado huitwa kwa jina hilohilo. Jina rasmi la chuo ni refu mno: humtaja Bikira Maria, mji wa Oxford na mfalme Edward wa Pili mwenye kumbukumbu njema. Watu hawakuwa na subira nalo. Walikiita kwa jina la nyumba, na jina la nyumba likashinda.

Ua wa mbele na herufi zinazopitisha mwanga

Hakuna kinachosalia cha La Oriole juu ya ardhi. Majengo ya zamani yalibomolewa, na kati ya mwaka 1620 na 1642 ukajengwa ua wa mbele unaoonekana leo: uwanja wa nyasi uliozungukwa pande nne na majengo ya ghorofa, yenye vilele vilivyopinda juu ya kila safu ya madirisha. Mafundi waliendelea kutumia mtindo wa Gothiki wakati ambapo Italia na Ufaransa zilikuwa zimeuacha zamani. Oxford ilikuwa na mazoea ya kujenga kana kwamba karne haijabadilika, na mtazamaji asiyeambiwa tarehe huweza kukosea kwa miaka mia mbili.

Mkabala na lango, ngazi hupanda kwenye ukumbi wa chakula upande mmoja na kanisa la chuo upande mwingine. Juu ya ngazi hizo kuna kibaraza cha mawe, na hapo ndipo palipo na jambo la kustaajabisha zaidi katika ua wote. Juu ya kibaraza, jiwe limetobolewa kwa herufi kubwa, hata mwanga hupita katikati yake: REGNANTE CAROLO, maneno ya Kilatini yenye maana ya «katika utawala wa Charles». Juu ya maandishi hayo kuna sanamu ya Bikira Maria na Mtoto, na wafalme wawili. Mmoja ni Edward wa Pili. Wa pili wanazuoni hawajakubaliana: wengine humwita Charles wa Kwanza, wengine baba yake, James wa Kwanza.

Kanisa la chuo lilizinduliwa mwaka 1642. Mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza kati ya Charles na Bunge, na Oxford ikawa makao makuu ya mfalme. Vyuo vilitoa vyombo vyao vya fedha viyeyushwe ili kulipia askari, na Oriel ilitoa vyake. Mfalme alishindwa. Januari 1649 alikatwa kichwa mjini London, naye aliyeandikwa juu ya mlango wa ukumbi akawa, mbele ya sheria mpya, msaliti. Maandishi yaliyopo leo yamo katika kibaraza kilichojengwa upya mwaka 1897, wakati mafundi waliporudia maneno yaleyale herufi kwa herufi.

Nyuma ya ua huo kuna wa pili, ambao hapo awali ulikuwa bustani. Jengo lake la upande mmoja lilitolewa na Askofu John Robinson mnamo mwaka 1719, mtu aliyeishi Sweden kwa miaka mingi akiwa mwanadiplomasia; ndiyo maana ukuta wake una mstari wa herufi za kale za watu wa Kaskazini mwa Ulaya, unaowakumbusha wapitao kwamba binadamu ni mavumbi. Upande wa kaskazini kuna maktaba ya msanifu James Wyatt, ya mwisho wa karne ya 18, yenye nguzo zilizopangwa kwa mtindo wa Kigiriki. Hapa hatimaye Oriel iliuacha mtindo wa Gothiki. Maktaba hiyo ilijengwa kuhifadhi vitabu vilivyorithiwa kutoka kwa Bwana Leigh, na baadhi yake viliteketea katika moto wa Machi 1949.

Maktaba ilipokuwa mpya, chuo kilielekea kwenye kipindi chake cha sifa kubwa zaidi kielimu. Oriel ilianza kuchagua wanazuoni wake kwa mtihani badala ya kujuana, jambo lisilo la kawaida wakati huo. Mmoja aliyepita mtihani huo mwaka 1822 ni John Henry Newman, ambaye baadaye aliliacha Kanisa la Anglikana, akawa kardinali wa Kanisa Katoliki, na mwaka 2019 akatangazwa mtakatifu.

Wosia wa paundi laki moja

Rhodes alifika Oriel mwaka 1873 akiwa na umri wa miaka ishirini, baada ya kukataliwa na chuo kingine cha Oxford. Masomo yake yalikatizwa mara kwa mara na safari za Kimberley, kwenye machimbo ya almasi, hivyo hakupata shahada mpaka mwaka 1881. Mwaka 1888 aliunda kampuni ya De Beers, na mwaka uliofuata akapata hati ya kifalme kwa ajili ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini, iliyomruhusu kutawala nchi kwa faida ya wenye hisa.

Alipokuwa waziri mkuu wa Koloni la Rasi, kuanzia 1890 hadi 1896, masharti ya kupiga kura yalipandishwa ili kupunguza wapiga kura Weusi, na sheria ya Glen Grey ya mwaka 1894 ikabana umiliki wa ardhi na kuwatoza kodi wanaume wasiofanya kazi ya ujira. Mwaka 1893 kampuni yake ilimpiga vita Mfalme Lobengula wa Wandebele kwa bunduki za Maxim. Mwaka 1896 Wandebele na Washona waliinuka, na uasi ukazimwa kwa umwagaji mkubwa wa damu.

Mkono wa kampuni hiyo ulifika hata kwenye ardhi ya wasemaji wa Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka 1890 mjumbe wake, Alfred Sharpe, alifika Bunkeya, katika Katanga ya leo, kumtaka Mfalme Msiri atie alama kwenye mkataba. Msiri, ambaye asili yake ilikuwa Unyamwezi, alikataa. Desemba 1891 aliuawa na msafara mwingine uliotoka pwani ya Afrika Mashariki, wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na shaba ya Katanga ikaingia katika mikono ya Leopold badala ya Rhodes. Mpaka kati ya Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo bado una umbo lililotokana na mashindano hayo.

Rhodes alifariki mwaka 1902 akiwa ameiachia Oriel paundi 100,000. Sehemu yake ilikuwa ya jengo jipya, na nyingine ya kuboresha mapato ya wanazuoni na hata meza yao ya chakula. Katika wosia aliongeza kwamba wakuu wa vyuo huishi mbali na dunia na katika mambo ya biashara ni kama watoto, hivyo wawaulize wasimamizi wa mirathi yake. Chuo kilipokea fedha na kejeli kwa pamoja.

Nyumba kadhaa za High Street zilibomolewa, na msanifu Basil Champneys akamaliza jengo mwaka 1911. Maandishi ya Kilatini chini ya sanamu yanashukuru ukarimu mkubwa wa Cecil Rhodes, na baadhi ya herufi zimefanywa kubwa kuliko nyingine. Msomaji akizikusanya zile zenye thamani ya tarakimu za Kirumi na kuzijumlisha, hupata 1911. Wanaojua hesabu ya abjadi, ambayo wanazuoni wa Kiislamu waliitumia kuficha tarehe ndani ya maneno, wataitambua mbinu hiyo mara moja.

Ifahamike kwamba ufadhili wa masomo wa Rhodes, unaowapeleka Oxford vijana wa nchi nyingi zikiwemo za Afrika, unatokana na sehemu nyingine ya mali yake na husimamiwa na taasisi tofauti. Wanaoupata hutawanyika katika vyuo mbalimbali, si Oriel peke yake.

Sanamu iliyopigiwa kura

Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Cape Town kiliiondoa sanamu yake ya Rhodes baada ya mwezi mmoja wa maandamano. Kabla ya mwaka kwisha, wanafunzi wa Oxford, baadhi yao kutoka kusini mwa Afrika, walikuwa wakidai hivyo hivyo chini ya madirisha ya Oriel. Hoja yao haikuwa kwamba historia ifutwe, bali kwamba sanamu iliyo juu ya wafalme si kumbukumbu tu, ni heshima. Wapinzani wao walijibu kwamba jengo la kale halirekebishwi kila maadili yanapobadilika. Chuo kiliahidi mashauriano ya miezi sita, kisha Januari 2016 kikatangaza kuwa sanamu itabaki. Magazeti ya Uingereza yaliripoti kwamba baadhi ya wafadhili walikuwa wametishia kusitisha michango.

Mambo yalibadilika Juni 2020, baada ya kuuawa kwa George Floyd nchini Marekani na kuangushwa kwa sanamu ya mfanyabiashara wa watumwa Edward Colston mjini Bristol. Tarehe 17 mwezi huo baraza la Oriel lilipiga kura kueleza nia ya kuiondoa sanamu, likaunda tume huru. Ripoti ilitoka Mei 2021, na wengi wa wajumbe waliunga mkono nia hiyo. Hata hivyo chuo kikasema hakitaanza taratibu za kisheria, kwa kuwa jengo limo katika orodha ya majengo yanayolindwa na gharama zake hazitabiriki. Wahadhiri zaidi ya 150 wa Oxford walitangaza kwamba hawatawafundisha wanafunzi wa Oriel. Mgomo huo ulilaumiwa kwa kuwaadhibu vijana wasiokuwa na kura katika baraza, na lawama hiyo haikukosa msingi.

Oktoba 2021 kibao kiliwekwa karibu na sanamu. Kinamtaja Rhodes kuwa mkoloni aliyezinyonya ardhi, madini na watu wa kusini mwa Afrika. Kona tu kutoka hapo, katika mtaa wa King Edward, kuna bamba jingine la mwanzoni mwa karne ya 20, linalomsifu Rhodes kwa huduma zake kwa nchi yake. Wataalamu wa turathi walikuwa wamekataa kuliingiza bamba hilo katika orodha ya ulinzi. Julai 2022 waziri wa utamaduni wa Uingereza aliubatilisha uamuzi wao, na tangu hapo nalo haliwezi kung'olewa bila kibali.