Mgongo: lini umwone daktari wa upasuaji wa neva

Hapa Pwani mgongo ukimshika mtu, wa kwanza kuitwa ni mkandaji. Sina ugomvi na wakandaji. Maumivu mengi ya kiuno hupoa yenyewe ndani ya wiki sita, ukandwe usikandwe. Lakini yapo maumivu ya neva, na hayo mkono wa mkandaji hauyafikii.

Baina ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini viitwavyo diski. Diski ikitokeza na kubana neva, maumivu hushuka kalioni, pajani hadi unyayoni, pamoja na ganzi au kuchomachoma. Ikiwa ni ya shingo, hushuka mkononi. Mwenye hali hii aanze kwa daktari wa kawaida, ambaye akiona haja atamwandikia barua ya kumwona daktari wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Kumwona si kupasuliwa: wengi hurudi na dawa na mazoezi, kwani diski nyingi hutulia bila kisu.

Zipo dalili zisizongoja barua:

- Mkojo kuziba, au mkojo na choo kutoka bila kujijua.
- Ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani.
- Mguu kulegea, na unazidi.

Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Neva ikibanwa muda mrefu huenda isirudi. Asikandwe, wala asikandwe aliyeanguka mnazini au kwenye bodaboda. Wingi wa maumivu si kipimo. Anayelia usiku kucha aweza kupona, na mwenye ganzi asiyelia ndiye aliye hatarini.

Mgongo ukiandamana na homa, jasho la usiku na kukonda, mwambie daktari. Kifua kikuu hushika uti wa mgongo pia, na kina dawa.

Ukienda, chukua picha zenyewe za eksirei au MRI, si ripoti pekee, na dawa zote unazotumia, za miti shamba zikiwamo. Kabla ya MRI, sema kama una chuma au kifaa cha moyo mwilini. Usiseme tu "mshipa", maana kwetu neno hilo lina maradhi mengi. Onyesha kwa kidole yanapoanza na yanapoishia. Kisha uliza: upasuaji utaondoa nini, nikingoja itakuwaje, na nitakaa muda gani bila kazi?