TV ya Elfu Kumi na Moja, na Miaka Sitini ya Kusimama Dirishani

Mwezi uliopita kuna msee alinicheka Luthuli Avenue. Nilikuwa na elfu kumi na moja mfukoni, naulizia TV ya inchi 32, digitali ya kawaida, isiyo smati. Muuzaji akaniangalia kutoka viatu hadi kofia. "Buda, hiyo ni TV ya mashosho." Nikamwambia ni ya mathe. Akacheka tena, akaanza kunivuta upande wa zile kubwa.

Kwanza mjue hii TV ni deni. Mwaka niliojiunga na chuo, mathe aliuza TV yetu ndio karo ya semista ya kwanza itimie. Mwaka wa pili nikaacha masomo. Hajawahi kuniuliza kuhusu hiyo TV hata siku moja, na hapo ndipo panauma. Kwa hivyo nilipopata pesa ya kwanza ya maana kutoka kwa video zangu, nilijua inaenda wapi. Na kwa kuwa sikutaka kukosea, nikafanya kitu ambacho chuoni kilinishinda: nikakaa chini nikasoma. Nikarudi nyuma mpaka 1962.

Mwaka huo ndio runinga ilianza Kenya, bendera ya Uingereza ikiwa bado inapepea. Mwaka wa 1964 serikali ikachukua shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya. Wazee wetu wanaliita VoK mpaka leo. Jina la KBC lilirudi 1989. Mwaka uliofuata, 1990, KTN ikaingia hewani ikiwa kituo cha kwanza cha kibinafsi, na mwanzoni ilikuwa ni mambo ya Nairobi. Piga hesabu. Karibu miaka 28, Mkenya aliyekuwa na TV alikuwa na kituo kimoja. Ukikichoka, unazima unaenda kulala.

Na nani alikuwa na TV? Mwalimu mkuu. Chifu. Mwenye duka. Wengine wote walikuwa watu wa dirishani. Mathe anasema kwao walikuwa wanaenda kwa jirani kuangalia Vitimbi. Wakubwa kwenye viti, watoto sakafuni, na ukichelewa unasimama nje unachungulia kwa dirisha. Mzee Ojwang akisema kitu, kicheko kinaanza ndani, halafu kinatoka nje kikiwa kimechelewa kidogo, kwa sababu wa dirishani wanangoja kuambiwa amesema nini. Kabla uingie unaosha miguu. Na mkipiga kelele, mwenye nyumba anazima, hamna pa kukata rufaa. TV ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijua.

Halafu zikaja zile ndogo za nyeusi na nyeupe. Kama uko na mjomba mashambani, muulize kuhusu Great Wall. TV ya inchi 14, inakubali betri ya gari. Hapo watu wa kawaida wakaanza kuwa na TV zao hata pale stima haijafika. Lakini hiyo betri ilikuwa mtoto wa pili nyumbani. Inabebwa kwa baiskeli mpaka sokoni, inachajiwa, inarudishwa. Na ilikuwa na tabia ya kuisha wakati wa habari, picha inajikunja kutoka pembeni hadi inabaki kama dirisha la matatu. Familia zilikuwa zinapanga: leo hatuwashi, tunangoja mpira wa Jumapili.

Hapo ndipo nikaona kitu, na ndicho kilifanya niandike hii. Katika hii historia yote, TV yenyewe mara nyingi haikuwa shida. Shida ilikuwa kile kitu cha pembeni ambacho muuzaji hakutajii.

Enzi ya Great Wall, ilikuwa betri. Ukipata stima, inakuwa antena. Si unakumbuka? Mtu mmoja juu ya mabati anazungusha, mwingine mlangoni anapitisha ujumbe, wa tatu mbele ya skrini anapiga nduru: "Bado! Bado! Hapo hapo! Aaah, umepitisha!" Na stima yenyewe haikuwa mchezo. Mpaka 2015, kuunganishiwa ilikuwa shilingi 35,000, ndio serikali ikashusha hadi 15,000 kwenye mpango wa Last Mile. Yaani kwa watu wengi, waya ulikuwa ghali kuliko TV.

Halafu ikaja digitali. Kenya ilizindua matangazo ya digitali Desemba 2009, ikitumia mfumo wa DVB-T. Baadaye ikahamia mfumo mpya zaidi, DVB-T2, na wale waliokimbilia ving'amuzi vya kwanza wakabaki na vyuma vya kushikilia mlango. Kisha Februari 2015, wakati wa ule mvutano wa kuzima analojia, Citizen, NTV na KTN zikatoka hewani kwa karibu wiki tatu. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka nyumba ilivyokuwa kimya saa moja jioni. TV ilikuwa nzima kabisa, imefunikwa kile kitambaa cha kufumwa, lakini haikuwa na kazi. Kitu cha pembeni, tena.

Sasa, hizi skrini bapa zilishukaje bei hivi? Wengi wanadhani ni kwa sababu ni feki. Hapana. Ni hesabu ya glasi.

TV ya kisogo ilikuwa chupa kubwa ya glasi nzito, na kila moja ilitengenezwa peke yake. Skrini ya LCD ni tofauti. Wazo lilionyeshwa na kampuni ya RCA ya Marekani mwaka wa 1968, Wajapani wakaliingiza kwenye kikokotoo na saa, Wakorea wakalifanya biashara kubwa, halafu China ikajenga viwanda vikubwa kupita wote. Mwishoni mwa 2007 ndipo TV za LCD ziliuzwa nyingi kuliko za kisogo duniani kwa mara ya kwanza. Kwenye viwanda hivyo hawatengenezi skrini moja moja. Wanachukua kipande kikubwa cha glasi, mfano cha mita 2.2 kwa 2.5, wanatengeneza, halafu wanakata. Kipande hicho kinatoa skrini 6 za inchi 55, au 18 za inchi 32. Kumi na nane! Ni kama mama wa chapati: donge kubwa, vipande vingi, bei inashuka. Ushindani ukawa mkali mpaka Samsung wenyewe wakaacha kutengeneza skrini za LCD mwaka wa 2022.

Ndio maana unapata majina ishirini Luthuli ambayo hujawahi kuyasikia. Skrini zinatoka kwa viwanda vichache, jina ni stika. Lakini usidanganyike kwamba zote ni sawa. Bei inapobanwa, wanakata kwa vitu visivyoonekana: saketi ya umeme, spika, na zile taa za ndani. Kumbuka "TV ya LED" ni LCD tu yenye taa za LED nyuma yake. TV yenye sauti lakini picha ni giza, mara nyingi ni hizo taa zimeungua. Zinawekwa zikiwa na mwanga wa juu kabisa ili zing'ae dukani. Ukifika nyumbani, ingia kwa mipangilio ushushe mwanga wa nyuma. Ni bure, na inaziongezea maisha.

Na kitu cha pembeni cha enzi yetu ni programu. Huu ndio mtego wa "smati" ya bei ya chini. Ndani unakuta Android ya zamani, kumbukumbu kidogo, haipati masasisho. Mwaka wa kwanza YouTube inafunguka. Wa pili inafikiria. Wa tatu inakuambia haitumiki tena kwenye kifaa hiki. Na si za bei ya chini tu: Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi hata kwenye baadhi ya TV za zamani za Samsung. Skrini nzima, akili imekufa. Ni Great Wall isiyo na betri.

Mimi nilinunua hivi. Inchi 32, ya kawaida, yenye king'amuzi cha DVB-T2 ndani yake. Sikuamini neno "digitali" kwenye boksi. Nilimwambia aweke antena atafute vituo nikiwa nimesimama hapo. Nikahakikisha kuna sehemu mbili za HDMI, ndio siku mathe akitaka YouTube nimnunulie kile kifaa kidogo cha kuchomeka, na kikizeeka kitupwe peke yake bila TV. Nikaomba skrini nyeupe tupu ili nione kama kuna madoa. Nikachukua risiti yenye muhuri na tarehe ya dhamana. Zilizobaki nikanunua antena na ile soketi ya kuzuia stima ikirudi kwa kishindo, kwa sababu kwetu stima hairudi, inavamia.

Msee aliyenicheka ndiye aliyenifungia boksi. Sikuwa na haja ya kubishana naye. Lakini ukweli ni kwamba kwenye sensa ya 2019, ni kama nyumba 4 tu kati ya 10 Kenya zilizokuwa na TV inayofanya kazi. Watu wa dirishani bado wako wengi. Kwa hivyo ukisikia mtu akiita TV ya elfu kumi na moja takataka, muulize kwao walikuwa wanaangalia kwa nani.

Mathe aliiwasha mwenyewe. Rimoti moja, kitufe kimoja, habari za saa moja. Hakusema asante, na sikutarajia. Alisogea kwenye kochi akapiga nafasi iliyobaki kwa mkono, akasema, "Keti basi, unanizibia."

Tuliangalia habari mpaka mwisho. Karo hatukuitaja. Nusu saa baadaye watoto wa jirani walikuwa mlangoni, na mathe akawaambia kitu ambacho nadhani aliambiwa yeye miaka hiyo: "Osheni miguu kwanza."

Tofauti ni kwamba wote waliingia ndani.