Ratiba Iliyotimia Si Tani Zilizozalishwa: Hoja Kuhusu Upimaji wa Matengenezo Viwandani

Ripoti nyingi za idara za matengenezo hufunguliwa kwa takwimu moja: asilimia ya kazi za ratiba zilizokamilika. Ikifika 95, idara hupongezwa. Makala hii inakipinga kipimo hicho. Kinathibitisha bidii ya mafundi, lakini hakithibitishi kwamba uzalishaji umeongezeka.

Kwamba mtambo unahitaji matunzo, hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye dhana inayobeba ratiba: kwamba kila kifaa huchakaa kwa umri, hivyo kikibadilishwa mapema kitanusurika. Dhana hiyo ilivunjwa mwaka 1978 na F. Stanley Nowlan na Howard F. Heap wa United Airlines, katika ripoti waliyoiandalia Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Kati ya vifaa vya ndege walivyovichunguza, asilimia 11 tu ndivyo vilivyoweza kunufaika na ukomo wa umri. Asilimia 68 vilikuwa katika hatari kubwa zaidi pale vinapoanza tu kazi, kisha hatari ikashuka na kutulia. Maana yake ni nzito: kukifungua kifaa kizima ni kukirudisha kwenye kipindi chake kibaya kuliko vyote.

Watetezi wa ratiba hujibu kwamba ndege si kiwanda cha sukari. Kwa sehemu wana haki. Viwanda vya Bonde la Kilombero husimama masika, mvua inapozuia uvunaji, na huo ndio wakati mwafaka wa kushughulikia rola za kinu. Mchanga unaoletwa na miwa husaga meno yake taratibu. Uchakavu huo unapimika, na kuyajazia kwa kulehemu kuna faida. Lakini beringi ya pampu ya juisi isiyo na joto wala mtikisiko wa kupita kiasi inafunguliwa kwa lipi? Vumbi likiingia kwenye grisi, au shafti ikirudishwa bila kunyooshwa sawa na mota, hitilafu itajitokeza miwa ikishaanza kusagwa. Anayesema vumbi letu linadai tufungue mara nyingi zaidi ameigeuza hoja: vumbi hilo ndilo linalotutaka tufungue kwa nadra. Kusafisha, kulainisha na kukaza nati, kazi ambazo Seiichi Nakajima, mtaalamu wa matengenezo wa Japani, alizikabidhi kwa mwendesha mtambo, hazidai beringi ivuliwe.

Nakajima huyohuyo alituachia kipimo bora: upatikanaji mara kasi mara ubora. Mtambo wenye asilimia 90, 80 na 95 una ufanisi wa asilimia 68.4, hata kama ratiba imetimia yote. Kipimo hicho kitumike kwanza kwenye mtambo unaobana mstari mzima wa uzalishaji, na hitilafu za wiki ya kwanza baada ya matengenezo zihesabiwe peke yake. Kazi ya ratiba inayozaa hitilafu nyingi kuliko inazozuia ifutwe, na saa zake wapewe mafundi wa kupima joto na mtikisiko.