Wasomi wa Mengo na Biblia Yao

Waganda wa kwanza kushika vitabu vya dini waliitwa abasomi, yaani wasomi, kabla majina mengine hayajazoeleka. Jina hilo liliwahusu Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki kwa pamoja, kwani kwa macho ya watu wa ikulu ya Kabaka alama yao ilikuwa moja: kijana anayekaa na kitabu, kisha anarudi kazini akiwa na mambo ambayo hayuko tayari tena kuyafanya. Historia ya usomaji wa Biblia katika vilima ambavyo leo ni Kampala, yaani Mengo, Namirembe, Rubaga na Natete, ni historia ya jambo hilo la pili zaidi kuliko la kwanza.

Kusoma kulifika kutoka pwani. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliotoka Zanzibar walikuwa wameingia Buganda tangu miaka ya 1840, na Kabaka Mutesa I alijifunza Kiswahili na hati za Kiarabu, akafunga Ramadhani, akajenga msikiti. Mwaka 1876 vijana wa Kiislamu wa ikulu walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa Kabaka, wakakataa pia kuswali nyuma yake kwa sababu hakuwa ametahiriwa. Makumi kadhaa yao waliuawa. Wamisionari walipofika, basi, Buganda ilikwisha kuona kwamba kitabu kinaweza kumfanya mtumishi amkatalie mfalme, na kwamba gharama yake ni kifo. Mara nyingi masimulizi ya Kikristo huanza mwaka 1877 na kuwaruka vijana hao. Haki inataka watajwe.

Biblia yenyewe iliingia kwa mdomo wa Mwafrika. Henry Morton Stanley alipofika kwa Mutesa mwaka 1875, alikuwa na kijana aliyeitwa Dallington Mufta, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa katika shule ya misheni huko Zanzibar. Stanley alipoondoka, Mufta alibaki ikulu akimsomea Mutesa sehemu za Maandiko na kumfasiria. Barua ya Stanley ya kuomba wamisionari ilichapishwa katika gazeti la Daily Telegraph mnamo Novemba 1875, na wamisionari wa kwanza wa Church Missionary Society wakawasili tarehe 30 Juni 1877. Fundi Alexander Mackay aliwafuata mwaka 1878. Februari 1879 walifika Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, Lourdel akiwa mmoja wao, na tangu hapo ikulu ilikuwa na mabishano ya dini karibu kila siku.

Kwa kuwa Kiganda hakikuwa bado na Maandiko, vijana walisoma kwanza Injili za Kiswahili, kazi ya Askofu Edward Steere wa Zanzibar. Mackay alikuwa na mashine ndogo ya kuchapia, akatoa karatasi za herufi na aya chache za Kiganda. Vitabu havikutosha. Watu waliketi duara kuzunguka nakala moja, na baadhi yao wakazoea kusoma maandishi yakiwa kichwa chini, kwa sababu upande huo ndio walioketi tangu siku ya kwanza. Jambo hilo dogo linaeleza tabia ya usomaji wa Buganda. Kitabu hakikuwa cha mtu mmoja chumbani. Aliyesoma mstari aliusoma mbele ya wenzake, na kesho yake wenzake hao hao walimwona akifanya kazi, akila, akigombana.

Watano wa kwanza wa misheni ya Kianglikana walibatizwa tarehe 18 Machi 1882. Miaka mitatu baadaye, chini ya Kabaka Mwanga, aliyemrithi Mutesa, matokeo ya kusoma yalionekana wazi. Tarehe 31 Januari 1885, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama waliuawa huko Busega, karibu na Natete. Novemba mwaka huo akauawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana wa ikulu, ambaye alikuwa amemlaumu Kabaka kwa kifo cha Askofu Hannington wa Kianglikana na kuwakinga vijana walio chini yake dhidi ya tamaa za mfalme. Mwaka uliofuata Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waprotestanti, walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Maswali yaliyowafikisha huko hayakuwa ya elimu ya juu ya dini. Yalikuwa ya maisha ya kila siku ya mtumishi: je, mwili wangu ni wa bwana wangu? Je, ninaweza kumwambia hapana? Wakati huo wa hatari wasomi waliobaki walikutana usiku katika nyumba za wazee wa kanisa, na Injili ya Mathayo kwa Kiganda iliendelea kuchapwa sehemu kwa sehemu katikati ya vitisho.

Ingekuwa uongo kusema kwamba kusoma kuliwafanya wote kuwa watu wa amani. Wasomi walishika bunduki, wakamwondoa Mwanga mwaka 1888, kisha Wakristo kati yao wakafukuzwa, wakarudi kwa vita, na tarehe 24 Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wakapigana wao kwa wao hapo Mengo. Kapteni Lugard, mwakilishi wa kampuni ya Kiingereza, alikuwa upande wa Waprotestanti, nao walioshinda walijigawia uchifu. Kuanzia hapo kujua kusoma kulikuwa pia njia ya cheo, na nia za watu waliomiminika kwenye mafunzo hazikuwa za aina moja.

Hata hivyo mwaka 1893 lilitokea jambo ambalo halielezeki kwa kutafuta faida. Machifu 40 wa Kiprotestanti walimwandikia Askofu Alfred Tucker kwamba wanataka kuwaachia huru watumwa wao wote. Walikuwa watu wenye mali, na sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa watu. Serikali ya Kiingereza ilikuwa bado haijawalazimisha. Walikuwa wamekaa wakihoji kile walichokuwa wakisoma, wakaona hakipatani na nyumba zao. Kati ya matendo yote ya wasomi wa Mengo, hili linastahili kukumbukwa zaidi ya makanisa waliyoyajenga.

Wakati huo George Pilkington, mtaalamu wa lugha aliyefika mwishoni mwa 1890, alikuwa akitafsiri pamoja na Henry Wright Duta Kitakule. Bila Duta tafsiri ile isingekuwa Kiganda cha watu, na jina lake linastahili kukaa sawa na la Pilkington. Agano Jipya lilikamilika 1893 na Biblia nzima 1896. Toleo moja lilichapwa fupi na nene makusudi, ili litoshe ndani ya kopo la biskuti na kuepuka mchwa na unyevu. Watu walilipa kwa kauri. Desemba 1893, Pilkington alipotoka kisiwa cha Kome akiwa amebadilika moyoni, mikutano ya Namirembe iliamsha watu wengi, na walimu wakatumwa vijijini. Vibanda vya kusomea, vilivyoitwa masinagogi, vilijengwa kila upande. Asubuhi ngoma ililia, watu wakaja kabla ya kwenda shambani, mwalimu akaanza na herufi kwa wageni na Injili kwa waliotangulia. Katika Kanisa la Anglikana aliyetaka ubatizo alipaswa kwa kawaida kujua kusoma Injili. Wakatoliki wa Rubaga walifuata njia yao, wakisisitiza katekisimu na miaka minne ya maandalizi, nao pia waliwafikisha watu kwenye kusoma.

Kizazi kilichofuata kilizaliwa katika Ukristo. Mafanikio yalileta ubaridi: ubatizo ulikuwa sehemu ya heshima ya mtu, chifu alikuwa na Biblia mezani na wake wengine uani, na aibu haikuwa kubwa. Hali hiyo ndiyo iliyomhuzunisha Simeoni Nsibambi, mtumishi wa idara ya afya Kampala. Septemba 1929 alikutana Namirembe na Joe Church, daktari wa misheni ya Gahini nchini Rwanda, naye akiwa amechoka rohoni. Kwa siku mbili walikaa na Biblia wakifuatilia mafundisho juu ya Roho Mtakatifu. Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akaacha hata viatu, akawa mhubiri mitaani. Kutokana na mduara wake na ule wa Gahini ulikua uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wafuasi wake Waganda waliwaita Balokole, waliookoka.

Balokole walirudisha kusoma kwenye duara. Walisoma kifungu, kisha kila mmoja akasema kimemgusa wapi: mume akakiri mbele ya mke, karani akarudisha fedha alizoiba ofisini, mtumishi akarudisha sukari ya mwajiri, aliyekuwa na chuki na jirani au na mzungu akaenda kupatana naye. Walikuwa wakali, na ukali wao uliwaumiza wengi; mambo mengine yaliyotajwa hadharani yangefaa kubaki kati ya watu wawili. Mwaka 1941, katika Chuo cha Askofu Tucker huko Mukono, William Nagenda na wanafunzi wenzake 25 walifukuzwa baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya sala ya alfajiri. Lakini walibaki ndani ya Kanisa la Anglikana badala ya kuanzisha dhehebu, na ndiyo maana uamsho wao uliligeuza kanisa lenyewe. Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho huo mwaka 1948, alikuwa Askofu Mkuu alipouawa Kampala tarehe 16 Februari 1977, baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin kupinga mauaji na dhuluma.

Mwaka huo huo Amin alipiga marufuku makundi mengi madogo ya Kikristo, na waumini wa makundi hayo wakajificha katika nyumba za watu, wakisoma kwa sauti ya chini. Baada ya utawala huo makanisa ya Kipentekoste yaliongezeka mjini. Kampala Pentecostal Church, ambayo sasa inaitwa Watoto, ilianza 1984 na kuwapanga waumini wake katika vikundi vya nyumbani. Katika vikundi vya aina hiyo, kama katika mikutano ya Balokole, kifungu cha wiki husomwa kwa zamu, kwa Kiganda au Kiingereza, wengine wakikifuata kwenye simu, kisha huja maswali ya ada ya shule, kodi ya nyumba, wakwe, na deni ambalo mtu aliahidi kulilipa.