Friji ya Mahari: Vyombo vya Umeme Vilivyotoka Dukani Vikaingia Kwenye Simu



Kila Mfunguo Mosi ukiingia na harusi zikaanza kufuatana, maswali ya mabibi harusi huwa ni yale yale: kitanda tukachukue wapi, hina apake nani, nguo ya akdi iwe rangi gani. Siku hizi limeongezeka moja ambalo mama zetu hawakuliuliza. Friji ninunue Darajani au niagize mtandaoni? Tumeona tusilijibu kwa mstari mmoja. Duka la vyombo vya umeme hapa kwetu lina historia yake, na historia hiyo inasaidia kujua tunachokiacha tunapolipita mlangoni tukaenda kununua kwenye kioo cha simu.

Kwanza tukumbushane. Mahari ni haki ya mwanamke, si ya baba wala ya kaka, na kwa wengi wetu visiwani pesa hiyo ndiyo inayonunua kitanda, kabati na vyombo vya ndani. Kwa hiyo friji inayoingia nyumba ya bi harusi mara nyingi ni mali yake mwenyewe. Ikizima wiki ya pili baada ya fungate, aliyepoteza ni yeye.

Zanzibar ilikuwa na televisheni mapema kuliko majirani wengi. Kituo chetu kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena cha rangi, cha kwanza cha rangi kusini mwa Sahara, wakati Bara hawakuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994. Lakini kuwa na kituo si kuwa na TV ukumbini. Miaka ile bidhaa kutoka nje ziliingia kwa mkono wa serikali, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mwenye redio nzuri mara nyingi alikuwa na baharia katika ukoo au jamaa Uarabuni. Wengine walitazama kwa jirani, watoto wamekaa chini mkekani, wakubwa nyuma.

Mlango ulifunguka mwaka 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipokuwa Rais wa Zanzibar. Wafanyabiashara waliruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Karafuu zilikuwa zimeanguka bei katika soko la dunia, mji ulikuwa umechoka na foleni, na watu wakageukia biashara. Na biashara ikageukia Dubai.

Kwa nini Dubai? Ukaribu na undugu vilichangia, ndiyo, lakini kuna sababu nyingine ambayo fundi yeyote atakwambia. Umeme wa kule na wa kwetu unafanana, volti mia mbili na kitu, na plagi yao ni hii hii ya miguu mitatu ya mraba tuliyorithi kwa Waingereza. Televisheni yao ilitumia mfumo wa rangi wa PAL kama yetu. Ukinunua TV Deira au barabara ya Al Fahidi, ukiifikisha Unguja unachomeka tu, picha inatoka. TV ya Marekani ingekuja na umeme nusu na mfumo mwingine wa rangi, ukabaki na sanduku zuri la kuwekea vitambaa vya kufuma.

Basi maduka yakajaa Darajani, Mchangani na Mlandege. Redio kaseti, deki za video, feni, pasi, majokofu. Watu wa Bara walivuka bahari kuja kununua huku, maana kwao vitu hivyo vilikuwa taabu kupatikana, na waliokuwa Dar es Salaam walikuwa tayari wananasa matangazo ya Zanzibar kwa antena ndefu kabla hawajawa na kituo chao. Kwa miaka kadhaa kisiwa hiki kidogo kilikuwa duka la vyombo vya umeme la nchi nzima.

Mama zetu wanasimulia jinsi ununuzi ulivyokuwa, na hapa tunataka tukae kidogo. Muuzaji hakukupa boksi lililofungwa. Alilifungua mbele yako, akatoa plastiki, akachomeka kwenye soketi ya ukutani pale pale kaunta. Feni ilizungushwa namba zote tatu. Pasi iliwekwa mpaka ukaona mvuke kwenye kitambaa kibichi. Redio ilitafutiwa stesheni, kaseti ikapigwa pande zote mbili. Friji iliachwa inanguruma mkanywa kahawa. Halafu bei ikaanza kugombwa, na mwisho risiti iliandikwa kwa mkono, jina lako, namba ya chombo, na muda wa gerentii. Hiyo gerentii haikuwa ya kampuni Japani, ilikuwa ya yule mwenye duka, ambaye ulijua anaswali msikiti gani na mama yake anaitwa nani. Kikiharibika, unarudi. Akikataa, mji mzima unajua kabla ya Magharibi.

Kulikuwa na udanganyifu pia, tusipambe. Chombo kilichotumika kilisuguliwa kikaitwa kipya, na jina la kampuni maarufu lilibadilishwa herufi moja, asiyesoma vizuri akachukua. Ila udanganyifu ule ulikuwa na mlango. Ulijua pa kwenda kugonga.

Maduka haya hayakuanza kupungukiwa na wateja kwa sababu ya intaneti. Bara nako kulifunguka, Kariakoo ikawa soko kubwa, na aliyenunua TV Unguja akaivusha alitozwa tofauti ya kodi bandarini Dar es Salaam, jambo lililonung'unikiwa kwa miaka mingi. Wateja wa kuvuka bahari wakakatika. Kisha umeme wenyewe ukatuangusha. Unguja tunapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara tokea 1980. Mwezi Mei 2008 tulizimikiwa takriban mwezi mzima, na Disemba 2009 tukazimikiwa tena mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Wenye maduka waliuza majenereta mpaka yakaisha, lakini nani alinunua friji? Hata uliporudi, uliwaka na kukatika, na vyombo vingi viliungua. Waya mpya wenye uwezo mkubwa zaidi uliwekwa 2013, na hapo ndipo watu walipopata moyo wa kununua tena.

Walipopata moyo, simu ilikuwa mkononi. Huduma ya kutumiana pesa kwa simu ilianza Tanzania 2008, na hapa visiwani Ezypesa ikaenea mpaka shamba. Mwaka 2009 mkonga wa intaneti wa baharini ulifika Dar es Salaam. Baada ya muda kila mtu akawa na WhatsApp na Instagram, na mwenye kontena Dar, au asiye na kontena kabisa, akaweza kumwonesha bi harusi wa Makunduchi mashine ya kufulia bila kulipa kodi ya duka.

Yalitokea kwingine pia. Marekani kulikuwa na maduka yanayoitwa Circuit City, yaliyoanzia Richmond mwaka 1949, yakafika mia tano na zaidi. Mwaka 2007 kampuni ile iliwaachisha kazi wauzaji 3,400, wale waliolipwa vizuri kuliko wenzao, ili ipunguze gharama. Sisi tunaona hapo ndipo ilipojichimbia kaburi, kwa sababu wauzaji hao ndio waliojua tofauti ya TV moja na nyingine. Mwaka uliofuata ilifilisika, na Machi 2009 maduka yote yakafungwa. RadioShack, iliyoanza 1921, ikaomba hifadhi ya ufilisi 2015. Wateja walikuwa wakiingia dukani, wanashika, wanauliza, wanatoka, kisha wanaagiza Amazon kwa bei ya chini. Best Buy ilibaki kwa kukubali kushusha bei ilingane na ya mtandaoni, na kwa sababu ilikuwa na mafundi wake wa kukufuata nyumbani.

Dubai nako, tulikozoea kununua, duka la mtandaoni la Souq lilianza 2005, Amazon ikalinunua 2017, na sasa jamaa zetu walioko Dubai huagiza friji wakiwa wamekaa kitandani.

Lakini tuangalie vizuri, dada zetu, maana hapa ndipo tunapotofautiana na hao. Kule duka lilishindwa na duka kubwa zaidi. Amazon ina maghala, ina anwani, na kitu kibovu unakirudisha ukapewa pesa yako. Kwetu, Jumia, ambayo ilijaribu biashara ya namna hiyo, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kilichobaki kwa sehemu kubwa ni kurasa za Instagram na magrupu ya WhatsApp. Wengine ni waaminifu sana, mashalla, na wengine ni picha tu zilizochukuliwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Duka la Darajani linanyang'anywa wateja na muuzaji asiye na mlango wa kugonga.

Dini yetu ilishalizungumza hili kabla ya umeme kugunduliwa. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema imenyeshewa, naye akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyorowa juu watu wakaiona. Tena Hakim bin Hizam alikatazwa kuuza asichokuwa nacho. Muuzaji wa mtandaoni anayekuuzia friji ya mwenzake, akipata pesa yako ndipo akaitafute, ajipime hapo.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kauli yenye nguvu ni kuwa kuuziana kitu mahsusi ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Mahanafi wameruhusu, ila wakampa mnunuzi hiari ya kukirudisha akishakiona. Ipo pia salam, ambapo bidhaa inaelezwa sifa zake zote, siku ya kuifikisha inatajwa, na bei inalipwa kamili hapo hapo. Na mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah, lilikubali kuwa mikataba inaweza kufungwa kwa vyombo vya mawasiliano vya kisasa, likitaja hata kompyuta. Kwa hiyo hatusemi kununua kwa simu ni haramu. Mwenye jambo kubwa amuulize sheikh wake, si sisi washona nguo. Tunachokiona ni kuwa maulamaa wote hao walihangaika na jambo lile lile alilolihangaikia bibi yako pale kaunta: nimekiona au sijakiona, na kikiwa na aibu, nina haki ya kurudisha?

Tusiwe wanafiki, sisi wenyewe tunauza mtandaoni. Magauni ya harusi, mitandio na mabaibui tunayapiga picha na kuyatuma Pemba, Dar na Muscat. Mama mwenye mtoto mchanga anauza akiwa nyumbani kwake na stara yake, jambo ambalo kaunta ya Darajani haikumpa bibi yake. Ndiyo maana tunaijua tofauti. Gauni likibana kiuno tunalirudisha kwenye cherehani tukaliachia. Mota ya friji iliyokufa haina pindo la kuachia.

Baadhi ya wenye maduka wameshaelewa. Utawakuta Mlandege wameshika simu, wanawasha mashine huku wanarekodi, wanasoma namba ya chombo kwa sauti, kisha wanampelekea mteja kwa bodaboda na hawapokei pesa mpaka achomeke kwake. Hao wana duka na wana ukurasa, na tunaona ndio watakaobaki. Waliofunga wamewaachia fremu wauza simu na vipodozi, na mafundi wao wamehamia vibarazani, wanatengeneza vyombo ambavyo hakuna anayekumbuka vilinunuliwa kwa nani.

Mabibi harusi wanaotuuliza tunawaambia hivi. Pasi, blenda na birika la umeme agiza utakako, ukipata hasara si ya kuvunja nyumba. Omba video ikiwa imewashwa na jina lako limeandikwa kwenye karatasi kando yake, na atakayekataa huyo mwache. Hakikisha plagi na volti, kwa sababu siku hizi vingi vinatoka Uchina moja kwa moja, havikupita tena Dubai, na plagi zake si zetu. Anayekuharakisha utume pesa yote kwa sababu imebaki moja, mwambie imbakie.

Friji, jiko na mashine ya kufulia ni jambo jingine. Kwa wanaotaka kusindikizwa, sisi tunakwenda nao Mlandege asubuhi, umeme ukiwapo. Inafunguliwa mbele yetu, inachomekwa, tunakaa. Bi harusi hatoi pesa yake mpaka atie mkono ndani asikie ubaridi.