Wamakonde na Wapemba: Kipande Wamepata, Siasa Je?

Wamakonde walianza kuingia pwani yetu kutoka Msumbiji miaka ya 1930, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wapemba walikuja kwa uvuvi, na wengine walikimbia misukosuko ya Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Watoto na wajukuu wao wamezaliwa hapa, tumeoana nao na tumezikana. Lakini kwa miaka mingi walikuwa hawana kipande, na asiye na kipande hapigi kura, hafungui akaunti ya benki wala hasajili laini ya simu kwa jina lake.

Oktoba 2016 Wamakonde walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumuona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaagiza wapewe vitambulisho. Februari 2017 walianza kukabidhiwa, wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Agosti mwaka huo wengi walipiga kura kwa mara ya kwanza. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023, wakati wa Rais William Ruto.

Je, sheria yasemaje? Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia mtu mzima haki ya kujiandikisha, kupiga kura na kugombea. Lakini vifungu vya 99 na 193 vinamzuia kugombea ubunge au uwakilishi wadi mtu ambaye hajatimiza miaka 10 ya uraia kabla ya uchaguzi. Piga hesabu: aliyesajiliwa Februari 2017 atakuwa ametimiza ifikapo Agosti 2027. Aliyesajiliwa 2023 atakuwa bado uchaguzi wa 2032, kwa hivyo hana budi kungoja 2037.

Mtoto wao hesabu yake ni nyingine. Kifungu cha 14 chasema mtoto ambaye baba au mama yake ni raia siku anapozaliwa, basi ni raia wa kuzaliwa. Kwa hivyo mzazi aliyepata kipande asikae bila kumtolea mwanawe cheti cha kuzaliwa. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwepushia mahangaiko aliyoyapitia babu yake.

Na sisi wenyeji tusiwakumbuke majirani hawa msimu wa kampeni tu. Wanapokwenda kujiandikisha, tufuatane nao. Kipande kikikaa kabatini bila kura, safari ile ya miguu itakuwa haijafika.